Kosa Lisomeke

Mlangoni kwa Mwalimu ulivua viatu na ukatoa raba ya kufutia. Viatu vilibaki juu ya mkeka mdogo nyuma ya mlango. Raba iliingia kwenye chupa pana iliyowahi kuwa na achari ya maembe, na ingawa iliooshwa mara nyingi, chupa ile haikuacha kunuka pilipili. Mtoto akiingia, Mwalimu alinyoosha kiganja tu, na mtoto akafungua mkebe wake akatoa. Wapo waliojaribu kuficha. Wapo waliokuja na zile penseli zenye raba kichwani. Hizo alizifunga kichwa kwa plasta ya kidonda, kisha akazirudisha kwa wenyewe kwa heshima zote.

"Kwangu hakifutwi kitu," alisema. "Ukikosea, piga mstari mmoja. Mmoja tu, usichorechore. Kisha andika chini yake. Kosa lisomeke."

Alikuwa mama wa Kipemba aliyekwisha kustaafu, akikaa ghorofa ya tatu huku Thamesmead, kwenye majengo ya zamani ya zege, dirisha la jiko lake likitazama mfereji na mabata bukini wasio na adabu. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Kwetu sote alikuwa Mwalimu: kwa watoto, kwa wazazi wao, hata kwa yule Mwingereza wa ghorofa ya chini aliyedhani hilo ndilo jina lake kamili na kila Krismasi akamwandikia kadi ya "Dear Mrs Mwalimu". Kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri alifundisha watoto hesabu kwenye meza yake ya jikoni, ile ya kukunjua, yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha kadibodi.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu. Mwanangu Zuhura alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari, ana miaka kumi na moja. Jioni moja nimerudi kazini, maana nilikuwa nazunguka majumbani kwa watu kuhudumia wazee, kuwaogesha na kuwapa chakula na dawa, nikamkuta amepitiwa na usingizi kwenye kochi na daftari lake liko wazi. Swali lilikuwa thelathini na nne mara ishirini na saba. Chini ya swali alikuwa amechora kisanduku chenye vyumba vinne, kila chumba kina namba yake. Nikasema moyoni, tazama mtoto huyu, badala ya kufanya kazi anachora madirisha. Nikachukua raba, nikafuta dirisha lote, nikaandika kama tulivyofundishwa Morogoro, namba juu ya namba na mstari chini. Nikapata mia tatu na sita. Nililala na raha zangu, mama aliyemsaidia mwanawe.

Kumbe lile dirisha ndilo njia wanayofundishwa watoto wa huku, na ndani yake mlikuwa na jibu sahihi, mia tisa kumi na nane. Mimi nilisahau kusogeza namba hatua moja kushoto. Kesho yake Zuhura alirudi na daftari lenye alama ya kosa iliyopita ukurasa mzima. Hakulia, na bora angelia.

"Mum," aliniambia, "you rubbed out the right one."

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenielekeza kwa Mwalimu. Nilimpeleka Zuhura Jumamosi iliyofuata, nikiwa na mpango wangu kichwani: nimwache pale, nipande basi niende Woolwich sokoni, nirudi kumchukua. Mwalimu alimkaribisha mtoto, akapokea raba, akaweka mezani vikombe viwili vya chai ya tangawizi na kalamu mbili za wino.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi naenda mara moja, nitarudi kumchukua."

"Marahaba. Waenda wapi? Kaa kitako."

"Mimi nimemleta mtoto tu."

"Na mtoto alala kwa nani?"

"Kwangu, Mwalimu."

"Basi kaa kitako. Mie nitamwona kwa wiki mara moja, wewe wamwona kila siku. Nikimfundisha yeye peke yake, akirudi nyumbani si utamfuta tena?"

Kumbe Zuhura alikwisha kumsimulia yote pale mlangoni, wakati mimi nahangaika na zipu ya buti. Nilikaa. Nilitamani sakafu ya Thamesmead ipasuke inimeze, lakini zege lile halipasuki.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake kubwa, na wengi iliwakimbiza. Hakufundisha mtoto bila mzazi. Aliyemleta mtoto, awe mama, baba, shangazi au kaka mkubwa, alipewa kikombe, kalamu na karatasi, na alifanya swali lile lile. Walimu wengine wa masomo ya ziada wana vyeti ukutani na kompyuta mezani. Wazazi wanaacha watoto wanakwenda zao kupumua. Kwa Mwalimu hakukuwa na kupumua. Palikuwa na baba mmoja Mkongomani, dereva wa basi, tuliyezoea kumwita Baba Grace. Alikuja na sare yake kutoka kazini, macho mekundu kwa uchovu, akakaa pembeni ya binti yake, na kabla ya swali la pili alikuwa anakoroma. Mwalimu hakumwamsha kwa kelele. Alimtungia swali lake mwenyewe: basi linatoka Abbey Wood saa fulani, linafika Woolwich saa fulani, wastani wa mwendo ni ngapi?

Baba Grace akafungua jicho moja. "Mwalimu, pale Plumstead hakuna average. Iko tu kusimama."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini alishika kalamu akalikokotoa, na jibu lake lilikuwa sahihi kuliko la sisi wote, kwa sababu yeye peke yake alikumbuka kutoa dakika za kubadilishana madereva.

Misemo yake nimeibeba mingi. "Usikimbilie jibu, jibu halina miguu," hiyo ilikuwa ya watoto wenye haraka. "Kosa moja haliachi mke," hiyo ilikuwa ya wale wanaotaka kulia wakikosea. Mtoto akisema ameelewa, Mwalimu alijibu, "Usiniambie mie, iambie karatasi." Na alikuwa na uwezo mmoja wa ajabu uliotokana na miaka mingi ya kukaa upande wa pili wa meza: alisoma maandishi yaliyopinduliwa kichwa chini, na kwa haraka kuliko sisi tulioyatazama sawasawa. Ulikuwa bado hujaweka kalamu chini, yeye amekwisha kuguna.

Alikuwa mkali, nisimpambe. Siku moja baba mmoja alimwambia mwanawe pale mezani, kwa Kiswahili ili mtoto wa jirani asielewe, "We mjinga kweli." Wote tulielewa. Mwalimu aliinuka, akamfungulia mlango.

"Neno hilo hukaa nje na viatu," alisema. "Kaliache huko, kisha urudi."

Yule baba alivaa viatu akaenda zake. Tukajua hatumwoni tena. Baada ya wiki tatu alirudi, akavua viatu, akakaa, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwalimu alimwekea sukari vijiko vitatu kama kawaida yake.

Mtu mwenye hesabu kichwani namna ile ungedhani maisha yake yamenyooka kama rula. Wapi! Mwalimu hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Alipanda basi lisilo lake mara kwa mara, kwa sababu alipanda lile lenye dereva aliyemsalimia. Ngazi za umeme za stesheni alizikataa katakata, akasubiri lifti hata kama imeharibika, na akikuta imeharibika alirudi nyumbani. Pilau aliipika kwa jicho, hapimi mchele wala maji wala chumvi, na ukimuuliza vikombe vingapi anakutazama kama umemtukana. Na karata! Wajukuu zake wakija alicheza nao, na bibi huyu aliyetufundisha kwamba hesabu haina uongo aliiba karata mchana kweupe, akazikalia. Zuhura alimwona kwa macho yake akamwambia, "Mwalimu, that's cheating." Mwalimu akasema ile si hesabu, ile ni mchezo, kisha akashinda.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Mwalimu wa hesabu hakuhesabu watoto. Yaani hakukubali kabisa kutaja idadi yao kwa mdomo, na hakumruhusu mtu kusonta kidole juu ya vichwa vyao, mmoja, wawili, watatu. Sisi tuliokulia nyumbani tunalijua jambo hilo, bibi zetu hawakutaka wajukuu wahesabiwe wasije wakapungua. Zuhura aliyezaliwa hapa lilimshinda.

"How many students do you have, Mwalimu?"

"Wapo."

"Yes, but how many?"

"Wa kuenea meza."

"But you're a maths teacher!"

"Naam. Na watoto si hesabu." Kisha akaongeza, kwa kumhurumia, "Mie nahesabu vikombe, mwanangu."

Ni kweli. Kabla hatujafika alipanga vikombe mezani, na kila kikombe kilikuwa na mwenyewe. Cha Zuhura kilikuwa na mpini uliogundishwa. Changu kilikuwa cha kijani, kimepauka, kina picha ya treni. Kikombe kikibaki hakina mtu, alikitazama, akachukua simu na kumpigia mama wa mtoto. Hakuuliza "mbona hamkuja?" Aliuliza, "Mu wazima?"

Sasa niseme lililokuwa langu, kwa sababu bila hilo picha hii haikamiliki. Miaka yote ile ya kuhudumia wazee nilitaka kuwa nesi. Nilikuwa naona manesi wanaokuja majumbani kuwafunga wagonjwa wangu vidonda, na kila nilipowapa taulo nilijua mikono yangu ingeweza kazi ile. Fomu ya chuo nilikwisha kuifungua mara tatu. Kila mara nilifika kwenye kisanduku kinachouliza alama ya hesabu, nikafunga. Cheti changu cha Morogoro kilikuwa na hesabu ya kufeli, na chuo kilitaka nipite mtihani wa huku, ule ule wanaofanya watoto wa miaka kumi na sita. Sikumwambia mtu. Niliwaambia watu kwamba kazi yangu inanitosha.

Mwalimu aliligundua mwaka wa tatu, bila kuambiwa. Zuhura alikuwa mgonjwa Jumamosi ile, ana homa, amebaki na baba yake. Mimi nilikwenda. Nilishangaa mwenyewe nikiwa njiani, nikajisemea nakwenda kuchukua karatasi za mtoto. Mwalimu alifungua mlango, akatazama nyuma yangu hakuona mtoto, akaniangalia.

"Na wewe wasomea nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilisimama pale mkekani na soksi zangu, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, nikalia. Hakunibembeleza. Alikwenda jikoni akaleta kikombe changu cha treni, akafungua daftari jipya, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza jina langu mimi. Si Mama Zuhura. Jina langu. Tangu nifike nchi hii sikumbuki mtu kuandika jina langu juu ya daftari.

Siku hiyo hiyo, akikata vitunguu na mimi nikihangaika na hesabu za sehemu, alinieleza kwa nini alichukia raba. Alipokuwa bado kijana, anafundisha skuli, alikuwa na mwanafunzi wa kike mpole. Siku moja alipita nyuma yake akaona amepanga swali kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Akaona ni upuuzi. Akachukua raba ya mtoto mwenyewe, akamfutia, akamwandikia njia iliyo sawa. Usiku Mwalimu akiwa kitandani, lile jibu lililofutwa likamrudia, akalikokotoa swali kichwani kwa njia yake mwenyewe, na likatoka lile lile. Na mtoto alikuwa amelipata kwa mistari michache kuliko yake. Asubuhi alimwita yule mtoto amwonyeshe tena.

"Akanambia hakumbuki," Mwalimu alisema. "Mie nimeshaifuta. Nami nilijaribu siku nyingi kuipanga upya, sikuweza."

Macho yalikuwa yanamtoka machozi. Alisema ni vitunguu. Mimi nikakumbuka dirisha la Zuhura, nikaelewa kwa nini siku ile ya kwanza hakunicheka.

Mtihani ulifika mwaka ambao Zuhura alikuwa darasa la mwisho. Watu wengi hawajui kwamba mtu mzima akitaka mtihani ule, anaufanya siku ile ile na saa ile ile na watoto wa nchi nzima. Basi asubuhi moja tulitoka nyumbani pamoja, mama na binti, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki wa kuona ndani, una kalamu na rula. Yeye akashuka kwenye kituo cha skuli yake, mimi nikaendelea na basi mpaka chuoni. Kabla ya kushuka alinibusu shavuni mbele ya wenzake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la nne. "Don't rush, Mum," aliniambia. "Jibu halina miguu." Kiswahili chake chote cha wiki ile kiliishia hapo.

Matokeo yalitoka Agosti. Huku alama zinapanda kutoka moja mpaka tisa, na nne ndiyo kivuko. Zuhura alipata nane. Mimi nilipata tatu.

Nilimpikia Zuhura biriani, nikapiga vigelegele, nikampigia bibi yake Morogoro. Kisha nikaingia chooni nikafungua bomba ili nisisikike. Jumamosi ile sikwenda kwa Mwalimu, wala iliyofuata. Nikaanza kuzunguka upande wa pili wa mfereji nikienda dukani, njia ndefu yenye matope, ili nisipite chini ya dirisha lake. Mwezi mzima nilifanya hivyo. Nilikwisha kuamua kwamba mambo ya unesi basi.

Zuhura aliendelea kwenda, sasa akiwasaidia wadogo. Jumamosi ya tano alirudi, akavua koti, akaniambia kwa utulivu wake ule, "Mwalimu puts your cup out. Every week. She pours the tea and everything."

"Halafu anaifanyaje?"

"Nothing. It just gets cold."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Kumwudhi mtu mzima naweza. Kumfanya mtu mzima amwage chai kila Jumamosi kwa ajili yangu, hilo lilinishinda. Nilikwenda. Alinyoosha kiganja mlangoni kama kwa watoto, ingawa alijua sina raba, akanipisha nikae.

"Tatu," nilimwambia.

"Nimesikia. Tatu ni nne iliyokosa basi. Hebu nambie, yale maswali ya mwisho uliandika nini?"

"Sikuandika kitu."

"Hata mstari?"

"Nilijua nitakosea, Mwalimu. Sikutaka wanione."

Watoto pale mezani walijifanya hawasikii.

"Miaka yote hii nakunyang'anya raba," alisema, "kumbe raba kubwa umeiweka kichwani. Sasa sikiza. Mpaka Novemba sitaki jibu sahihi kwako. Nataka makosa. Nijazie ukurasa."

Nilimjazia. Nilijaza madaftari matatu, na ukiyafungua leo yana mistari mingi kama barabara za Woolwich. Novemba nilirudi kwenye ukumbi ule ule, safari hii nikiwa katikati ya vijana waliofeli pamoja nami, na sikuacha swali hata moja tupu. Niliandika, nikakata, nikaandika. Januari karatasi ilikuja na nne. Nne kavu, haina ziada. Niliipeleka kwa Mwalimu mbio bila kufunga zipu ya buti, na yeye akaisoma kichwa chini kabla sijamgeuzia, akaguna ule mguno wake, akaniambia nivue viatu.

Niliingia chuo. Zuhura naye akaenda chuo chake, Leeds. Mwalimu alifundisha miaka miwili zaidi, kisha miguu ikaanza kuvimba na ngazi zikamshinda, akaikunja meza. Kila mtoto alirudishiwa raba yake kutoka kwenye chupa, pamoja na wale waliokwisha kuwa na ndevu. Mimi kwa zamu na masomo nikawa namwona kwa nadra. Najuta kwa hilo.

Mwaka huu, nikiwa mwaka wa mwisho wa mafunzo, niliingia wadi mchana mmoja kupokea zamu, na kwenye kitanda cha dirishani nikaona mtandio wa maua ninaoufahamu. Moyo wake ulikuwa umechoka, maji yamejaa miguuni na kifuani. Nilimwambia nesi anayenisimamia kwamba mgonjwa huyu namjua. Akaniuliza kama nitaweza kazi, nikasema nitaweza.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Chai ya hapa mbaya," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ni ile ile. "Nao hawanipi ya kutosha."

Hakupewa kwa sababu. Mgonjwa wa namna yake hupimiwa maji: kwa siku hazidi mililita elfu moja na mia tano, na kila anachokunywa huandikwa kwenye karatasi. Nilivuta meza ya kitanda, nikaweka karatasi, nikaanza kujumlisha ya tangu asubuhi. Chai vikombe vitatu, kila kimoja mia moja na hamsini. Maji ya kumezea dawa, mia mbili. Supu, mia mbili. Dawa ya mshipani, mia moja. Nilikuwa najaribu kutotazama alivyopungua. Nikaandika elfu moja na hamsini.

Upande wa pili wa meza ukatoka mguno.

Niliujua kabla sijainua kichwa. Alikuwa amelaza shingo kwenye mto, macho nusu, anasoma karatasi yangu kichwa chini.

"Mia umeitoa wapi?" aliuliza.

Nikahesabu tena. Mia tisa na hamsini. Nilikuwa nimeizidisha mia, na kwa mia ile angepunjwa chai ya jioni. Miaka tisa iliyopita ningeikwangua ile namba mpaka karatasi itoboke. Nilipiga mstari mmoja juu yake, mmoja tu, namba ya chini ikaonekana vizuri. Nikaandika iliyo sawa, nikaweka saini yangu pembeni.

Nesi wangu alikuja kuhakiki na kusaini. Alitazama mstari, akatikisa kichwa kuridhika. Hospitalini ndiyo sheria: rekodi ya mgonjwa haifutwi, kosa lazima lisomeke. Wanafunzi wengi huchukua muda kuizoea.

"That's exactly how we want it," aliniambia. "Who taught you?"

Nikamwonyesha kitandani.

Nesi akatabasamu, akamwinamia Mwalimu, akamuuliza kwa upole, kwa sauti ile ya kuzungumza na wagonjwa, kama alikuwa mwalimu kweli na alikuwa na wanafunzi wangapi.

"Wapo," alisema Mwalimu, kwa Kiswahili.

Kisha akatoa mkono chini ya shuka, polepole, ule mkono wa kupokea raba. Nilidhani anataka nimshike. Alikuwa anasonta kikombe.

"Imebaki mia tano na hamsini," alisema. "Nitilie."

Nilimtilia. Nilimshikia kikombe akanywa yote, akilalamika kwamba haina tangawizi, na alipomaliza nikachukua kalamu nikaandika, saa kumi alasiri, chai, mia moja na hamsini.

"Jumlisha," alisema.

Nikajumlisha, yeye akisoma kutoka upande wa pili, na safari hii hakuguna.